Mbuzi wa Iddi na majogoo wa insha: tumfunze mtoto kuandika alichokiona

Siku mbili kabla ya Iddi ya Mfungo Tatu iliyopita, mbuzi wa shemeji yangu alikata kamba. Habari hii niliipata kwa mpwa wangu wa gredi ya tano, aliyenisimulia usiku ule ule barazani huku amesimama, maana kwa kitako isingesimulika. Alikuwa ametumwa ampe mbuzi maji. Mbuzi akavuta, kamba ikakatikia pale ilipofungwa kwenye nguzo, mtoto akabaki na kipande cha mbele mkononi. Wakashika uchochoro, wakapita chini ya mkokoteni wa mitungi ya maji, wakampiga kumbo mama muuza mbaazi aliyekuwa ndio kwanza anatandaza biashara yake ya jioni. Sufuria ikalala ubavu. Ndara moja imepotea, mtoto anaburutwa, na nyuma yake watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele, "Mshikeni! Yuwaja!" Mbuzi hakusimama mpaka ua wa msikiti, ambako watu walikuwa birikani wanatawadha kwa sala ya Alasiri. Mzee mmoja akamdaka pembe, akasema, "Huyu naye amekuja kutia udhu kabla ya kuchinjwa."

Nilicheka mpaka nikaomba maji.

Wiki mbili baadaye dada yangu akanitumia picha ya daftari kwa simu. Mwalimu alikuwa amewapa insha, "Siku Nisiyoweza Kuisahau", na kijana alikuwa ameandika habari ya mbuzi. Nilikaa vizuri nisome. Majogoo waliwika kuashiria mapambazuko. Ndege walitumbuiza kwa nyimbo za kusisimua. Jua lilichomoza kwa madaha. Mwandishi alirauka akiwa na furaha ghaya mithili ya kibogoyo aliyeota meno. Wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa waliponena kwamba ajali haina kinga. Kisha hivi: "Baba alinunua mbuzi. Mbuzi alitoroka. Tulimkimbiza tukamshika. Tulifurahi sana."

Nilihesabu mistari. Asubuhi ilipewa mistari kumi na moja, mbuzi akapewa miwili. Na mbuzi, kama ulivyosikia, alitoroka saa kumi jioni.

Mama wa mbaazi hayumo. Mkokoteni haumo, wala ndara, birika au yule mzee. Mtoto aliyekuwa na kila kitu mdomoni alifika kwenye karatasi mikono mitupu, na ile mitupu tulimpa sisi. Nasema "sisi" kwa sababu nilisomea stashahada ya ualimu na kushika chaki miaka sita kabla ya kuhamia kazi nyingine, na majogoo hao hao niliwaandika ubaoni mimi kwa mkono wangu, chini ya kichwa kilichopigiwa mstari: Misemo ya Kupamba Insha.

Jambo hili lina historia yake. Mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulimpa mtoto dakika 40 kuandika insha ya alama 40. Dakika 40 kwa mtoto anayetetemeka si nyingi. Kwa hivyo walimu tukawafungia watoto masurufu ya safari: mwanzo uliokwisha kupikwa, methali tatu, tashbihi tano, na mwisho wa kufurahi sana. Mtoto akiingia chumbani anapakua tu. Mtihani umeondoka, mtaala umebadilika, ila masurufu yamebaki jikoni. Vitabu vya misemo bado vinanunuliwa, na mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe hununua hicho kwanza.

Hapa Pwani hasara yake ni kubwa kuliko mahali pengine, kwa maoni yangu. Mtoto anayekutana na Kiswahili darasani huenda akahitaji kushikwa mkono kwa misemo ya kuazima. Wetu amezaliwa ndani yake. Anajua kutania, kulalama na kumuiga muuza kahawa. Matokeo yakitoka tunaulizana kwa nini wenye lugha wanashindwa na waliojifunza lugha ukubwani, na jibu moja liko katika daftari lile: mtoto amefundishwa kwamba Kiswahili cha karatasi hakina uhusiano na kile anachokisema, na kwamba alichokiona kwa macho yake hakifai kuandikwa.

Basi tufanyeje? Nitaeleza tulivyofanya na mbuzi, kwa sababu tulirudi kwake, na kila hatua inaweza kufanywa na mwalimu wa darasa la watoto sitini au na mama anayepika chajio.

Kwanza nilifungua simu nikamwambia mpwa wangu anisimulie tena, nimrekodi. Hilo tu. Baada ya Magharibi, kabla ya kurudi chuoni, dakika nne. Kisha nikamchezea sauti yake mwenyewe na kumpa kalamu. Mtoto anapoisikia sauti yake hushtuka, kwanza kwa aibu, halafu kwa kugundua kwamba maneno anayo tayari. Kazi ngumu ya kuandika, yaani kutafuta la kusema, imeshafanyika. Iliyobaki ni kuyateremsha.

Darasani hakuna simu, wala hazihitajiki. Watoto huwekwa wawili wawili. Mmoja anasimulia, mwingine kazi yake ni kuuliza maswali matatu kabla ya kuruhusiwa kusimulia chake. Wapi khasa? Nani mwingine alikuwepo? Kisha ikawaje? Dakika kumi zinatosha, na kelele itakuwapo, tena kelele nzuri. Mtaala wa sasa umekigawa Kiswahili katika kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika, na sarufi. Ajabu ni kwamba madarasa mengi hufundisha hayo kama visiwa vinne visivyo na mashua. Kuzungumza Jumatatu, kuandika Alhamisi, na kilichozungumzwa Jumatatu kimesahauliwa. Ukizungumza ndipo uandike hicho hicho ulichokizungumza, mashua imepatikana.

La pili ni mpangilio. Mtoto akiandika kutoka kwenye masimulizi yake, mambo huja yamevurugika, kwa kuwa mdomo una ruhusa ya kurudi nyuma. "Ah, nimesahau kukwambia, kamba yenyewe ilikuwa ya zamani." Msikilizaji hakasiriki, lakini msomaji hupotea. Mpwa wangu aliikumbuka kamba kukuukuu baada ya mbuzi kushikwa. Sikumwambia afute. Nilimpa makasi na karatasi, akaandika kila tukio katika kipande chake: kamba kukuukuu, kupewa maji, mkokoteni, mbaazi, ndara, msikiti, mzee, baba kulipa. Akavitandaza vipande juu ya mkeka akaanza kuvisogeza kwa vidole. Kamba ilipanda juu yenyewe. Mtoto wa miaka kumi ukimwambia "panga mawazo yako" hukutazama, hajui mawazo hushikwa wapi. Ukimpa karatasi nane juu ya mkeka, anapanga.

Halafu tulivifunga kwa mafungu. Vipande vinavyotokea nyumbani fungu moja, vya uchochoroni la pili, vya msikitini la tatu, vya baadaye la nne. Kila fungu ni aya. Hapa watoto wetu wana msaada ambao sijaona ukitumiwa ipasavyo. Neno "aya" wanalijua tangu chuoni. Wanajua aya ina mwanzo na mwisho, wanajua kuna mahali pa kusimama na mahali ambapo ukisimama unaharibu maana, na maalimu amewarudisha mara ngapi kwa kuvuta pumzi pasipofaa. Nilimwambia mpwa wangu, "Soma insha yako kama unayemsomea maalimu. Panapokutaka usimame, weka nukta. Jambo likiisha ukataka kushika jingine, ruka mstari." Alinielewa kwa mara moja, kuliko nilivyowahi kueleweka kwa miaka sita nikifundisha "aya ni fungu la sentensi zenye wazo moja kuu."

Na asidhani mtu kwamba kupanga maandishi ni jambo lililotufikia kwa meli ya wakoloni. Mwana Kupona wa Pate alipomtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, hali ni mgonjwa, alianza kwa kumwita mtoto aje na wino na karatasi. Baada ya hapo mambo yana safu: dini, adabu na watu, wajibu wa nyumbani, habari za maisha yake mwenyewe, dua. Wala hakutosheka kusema mtunze mume. Alishuka mpaka kwenye kumpepea aliyelala. Ndiyo maana utenzi ule bado una uhai. Mshairi alijua kitu kidogo kinachoonekana hubeba kitu kikubwa kisichoonekana.

Sasa tufike kwenye lenyewe, yaani kuongeza maelezo. Hapa ndipo walimu wengi, nami nilikuwa mmoja, huandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ongeza maelezo." Mtoto akisoma hivyo huongeza maneno. "Mama wa mbaazi alikasirika" hugeuka "Mama wa mbaazi alikasirika sana, akapandwa na mori, akawa mkali kama simba aliyejeruhiwa." Maneno yamezidi, lakini hatujamuona mama.

Swali lililonisaidia ni moja, nalo ni fupi: Ulijuaje?

"Alikasirika."

"Ulijuaje kuwa amekasirika? Alisema?"

"Hakusema kitu, mjomba."

"Sasa ulijuaje?"

Akafikiri. Kisha: "Alisimama na upawa mkononi. Mbaazi zinamtiririka kwenye leso. Ananitazama tu."

Nikamwambia, hilo andika. Andika hivyo hivyo ulivyonambia.

Jaribu swali hili kwa sentensi yoyote ya mtoto iliyokauka. Nyanya yangu ni mkarimu. Ulijuaje? Kwa sababu mgeni akija huficha chakula chake mwenyewe akasema ameshakula. Bahari ilichafuka siku hiyo. Ulijuaje? Baba alirudi saa mbili asubuhi na nyavu kavu. Rafiki yangu alihuzunika. Ulijuaje? Wakati wa mapumziko hakutoka kucheza, akawa anachonga penseli ambayo tayari ina ncha. Majibu haya mtoto anayo. Hayatoki katika kitabu cha misemo, na mtoto mwingine hawezi kuyaandika, hivyo hata kuiga kunapungua.

Lakini kuna upande wa pili, usije ukanilaumu. Mtoto akishaonja utamu wa kuongeza hataki kuacha. Rasimu ya pili ya mpwa wangu ilikuwa na chai aliyokunywa asubuhi, rangi ya mswaki, jina la kinyozi, na katuni aliyoitazama kabla hajatumwa. Kila kitu kimo, na mbuzi amefunikwa tena, mara hii kwa mizigo ya kweli badala ya ile ya kuazima. Ikabidi tujifunze kuondoa. Nilimfunika jambo moja moja kwa kidole: "Tukikitoa hiki, hadithi inalegea?" Mswaki ulitoka bila kulia. Katuni aliitetea, akasema ndiyo iliyomfanya achelewe kumpa mbuzi maji mpaka mbuzi akawa na hasira. Nikasema basi ibaki, na iende pale mwanzo. Hilo lilinifurahisha kuliko sehemu yoyote ya insha, kwa kuwa mtoto alikuwa amejua sababu ya neno kuwapo mahali lilipo.

Nilimpa na kanuni moja ya kukadiria: chagua mahali pamoja tu pa kwenda polepole. Safari nyingine zote zikate. Kutoka nyumbani mpaka uchochoroni ni sentensi mbili. Kwenye mbaazi, simama. Tuonyeshe sufuria, upawa, leso, macho ya mama, mguu wako usio na ndara. Halafu kimbia tena. Mtoto anayeandika kila kitu kwa mwendo mmoja humchosha msomaji hata kama kila sentensi ni nzuri.

Kuna suala la lahaja ambalo siwezi kulipita. Mpwa wangu aliandika "ndia" kwa njia, na "yuwaja" kwa anakuja. Mtoto wa Lamu ataandika kwa Kiamu chake. Wa Kwale atachanganya Kidigo, na wa Kilifi ataifikiria sentensi kwa Kigiriama kabla ya kuiandika. Insha za shule zinataka Kiswahili sanifu, nami sipingi, mtoto lazima akijue. Ninachopinga ni kalamu nyekundu kuanza na hilo. Ukimkatia mtoto maneno manane katika mistari kumi ya kwanza, rasimu ijayo itakuwa fupi na salama, na salama maana yake ni majogoo. Acha rasimu ya kwanza ije kwa lugha ya mamake. Usanifu una zamu yake, nayo ni mwisho, mambo yakishapangwa na kushiba. Na katika maneno ya wahusika usiuguse ulimi wao. Watoto wa mtaani walipiga kelele "Yuwaja!" Ukiandika kwamba walisema "Anakuja!" umewageuza watangazaji wa redio.

Mwalimu anayesoma haya atasema: mjomba una mtoto mmoja na jioni nzima, mimi nina sitini na dakika thelathini na tano. Kweli kabisa. Kwa mwalimu huyo ningependekeza insha chache. Badala ya insha kumi kwa muhula, kila moja ikaandikwa mara moja, ikasahihishwa, ikafungwa na kusahauliwa, fanya nne na kila moja irudiwe. Wiki ya kwanza wasimulie na kuandika, ya pili wapange upya na kujibu "Ulijuaje?" mara tatu, ya tatu wasanifishe. Na katika kusahihisha, si lazima kila kosa liguswe kila mara. Katika rasimu ya kwanza soma haraka na uache maswali mawili tu pembeni, bila kugusa tahajia. Daftari sitini zenye maswali mawili zinamalizika mapema kuliko daftari sitini za kuwindwa kila herufi, na mtoto anajua la kufanya akilifungua lake.

Kwa nini nimeshughulika hivi na mbuzi mmoja? Kwa sababu ya watu wazima wanaobisha hodi kwangu. Kwa kuwa naandika gazetini, majirani huniletea barua zao niwatazamie kabla hazijapelekwa kwa chifu, kwa ofisi ya wadi au kwa watu wa ardhi. Nyingi huanza hivi: sisi wakazi tumeteseka kwa muda mrefu sana, hali ni mbaya mno, tunaomba serikali itusikie kilio chetu. Kurasa mbili za kilio. Mtaro uliozibika hautajwi uko mbele ya nyumba ipi. Maji yaliingia ndani tarehe gani, nyumba ngapi, mtoto gani akapelekwa hospitali, hakuna. Kuhusu ardhi ni vibaya zaidi. Mzee anayejua kila mnazi uliopandwa na babake, na mpaka ulipopita, na nani alikuwapo siku unapimwa, huandika "tumedhulumiwa haki yetu" akatia sahihi. Nikimketisha na kumuuliza "Ulijuaje kuwa mpaka ni pale?" hunieleza saa nzima kwa utaratibu usio na kasoro. Yote anayo. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ndiyo ya kuandika. Afisa anayepokea kilio hana la kufanyia kazi, na asiyetaka kufanya kazi amepata kisingizio.

Mzee huyo naye alikuwa mtoto wa darasa la tano.

Nirudi kwa mpwa wangu, maana hadithi yake haikwenda kama nilivyotaraji. Rasimu ya tatu ilikuwa ukurasa na nusu. Ilianza na kamba kukuukuu na kumalizika siku ya Iddi, pale babake alipopeleka pesa za mbaazi na mama akazikataa akisema, "Niletee paja." Mtoto ndiye aliyetumwa na paja, limefungwa kwenye mfuko, na ndara mpya miguuni. Mwisho huo haukuwamo hata katika masimulizi ya barazani. Uliibuka nilipomuuliza ikawaje baada ya hapo.

Aliipeleka shule. Akarudi na alama zile zile, na swali la wino mwekundu: tamathali ziko wapi? Usiku ule alinambia kwa adabu, "Mjomba, safari ijayo nitaweka majogoo."

Nilikwenda kumuona mwalimu, si kwa ugomvi. Ni kijana mwenye bidii, na alinipa hoja ambayo nimeibeba mpaka leo. Alisema ana watoto darasani ambao bila misemo hawaandiki kitu. Wakipewa mwanzo wa kukariri angalau karatasi haibaki nyeupe, na mtoto asiye na chochote hupata cha kushikilia. Sikuweza kumkatalia. Sisi tuliolelewa chuoni ni watu wa mwisho kudharau kukariri, maana huko tumehifadhi kwanza na maana ikaja baadaye. Methali nzuri iliyokaa mahali pake hakuna anayeichukia. Nilichomuomba ni kwamba misemo isiwe mwanzo wa kila insha wala sharti la alama, na mtoto mwenye chake asilazimishwe kuazima. Na wale wasio na kitu, nilimuuliza, je, hawana la kusema au hawajaulizwa?

Akasema atajaribu kwa wiki moja. Alimsimamisha mpwa wangu asome habari ya mbuzi mbele ya darasa. Walipofika kwenye upawa na leso, darasa zima likacheka, na mwalimu anasema kabla kicheko hakijaisha mikono ilikuwa juu: kila mmoja ana mbuzi wake, au kuku, au punda aliyekataa kuondoka barabarani. Akawaweka wawili wawili, akaandika ubaoni neno moja, "Ulijuaje?", akawaacha.

Jioni alinitumia picha ya daftari moja. Ni la msichana anayekaa nyuma, mmoja wa wale ambao karatasi yao hubaki nyeupe. Aliandika jinsi nyanya yake anavyopika vitumbua alfajiri, na namna anavyojua kwamba vimeiva bila kuvitazama, kwa kusikiliza mafuta. Nusu ukurasa, hijai imekwenda mrama, aya hakuna. Mwalimu aliuliza nionavyo. Nikamjibu amrudishie na swali moja tu pembeni: mafuta yanasemaje?